Mswaki wa mti, karafuu na mwarobaini: namna ya kuvitumia ili meno yasioze

Nilikuwa na miaka kumi na tisa gego langu la juu lilipoanza kuniuma usiku. Nyumbani kwetu Wete, kisiwani Pemba, karafuu haikosi, na bibi alikuwa na kichupa cha mafuta yake kabatini. Nikachovya pamba, nikaibana kwenye tundu la jino. Kwanza moto, kisha ganzi, kisha usingizi. Nikarudia usiku wa pili na wa tatu. Siku ya nne maumivu yakatoweka yenyewe, nami nikawatangazia watu kwamba karafuu imenitibu. Baada ya kama miezi miwili nikaamka shavu limevimba, jicho halifunguki vizuri. Maumivu yalikuwa yamekwisha kwa sababu kiini cha jino, pale penye mishipa ya fahamu, kilikuwa kimekufa. Bakteria wao hawakufa. Waliendelea na safari yao hadi mwisho wa mzizi, wakatunga usaha. Jino likang'olewa.

Karafuu siikani. Ninayo jikoni hadi leo, na utaona hapa chini ninavyoitumia. Lakini tukio lile lilinifundisha jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha na wanaosifia dawa za miti: mimea hii ina nguvu ya kweli dhidi ya bakteria wa meno, ila nguvu hiyo ina mahali pake. Mahali hapo ni kabla ya tundu, juu ya jino lililokwisha kusuguliwa, ndani ya kinywa kisicholishwa sukari kutwa nzima.

Kinachooza jino ni nini hasa

Wengi wetu tumekua tukiambiwa meno huliwa na wadudu, na wapo wanaodai kuwatoa wadudu hao kwa moshi na kukuonyesha kwenye kiganja. Hakuna mdudu wa kuonekana kwa macho ndani ya jino. Waliopo ni bakteria, na anayetajwa zaidi ni *Streptococcus mutans*, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na J. Kilian Clarke wa Uingereza baada ya kumpata kwenye meno yaliyotoboka. Yeye hali jino lenyewe. Anakula sukari uliyoila wewe, kisha anatoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Kiwango cha pH kinywani, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka tindikali inapozidi, kikishuka chini ya takriban 5.5, enameli, yaani ganda gumu la nje, huanza kupoteza kalsiamu na fosfeti. Ukinywa chai ya sukari, pH hushuka ndani ya dakika chache tu, na mate huhitaji nusu saa hadi saa nzima kuirudisha mahali pake. Anayekunywa soda moja kwa mafunda madogomadogo tangu asubuhi hadi adhuhuri hayapi mate yake nafasi hata mara moja.

Bakteria huyu ana kazi ya pili. Sukari ya kawaida ya mezani anaigeuza gundi, akajibandika nayo kwenye jino pamoja na wenzake. Gundi hiyo na wakazi wake ndio ule utando laini unaoukwangua kwa ukucha asubuhi, ambao kwa Kiswahili tunauita ukoga. Hapa ndipo dawa nyingi za mimea hushindwa. Maabara zinapopima dawa ya mti, mara nyingi huweka tone lake kwenye sahani iliyopandwa bakteria na kupima duara walimokufa. Dawa yenyewe mara nyingi imetolewa kwa spiriti, tena imekolezwa sana. Nyumbani wewe una maji ya moto na kikombe, na bakteria wako hawakutandazwa kwenye sahani: wamejificha ndani ya gundi. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu wote ni sugua kwanza, dawa baadaye.

Hatua ya kwanza: kagua kinywa kabla ya kuchuma jani lolote

Chukua kioo na tochi ya simu, ukae penye mwanga. Kausha meno kwa kitambaa safi, kwa sababu mate huficha dalili za mwanzo. Tazama penye mpaka wa jino na ufizi, kwenye mifereji ya magego, na katikati ya meno.

Ukiona doa jeupe lisilong'aa, mfano wa chokaa, hiyo ndiyo hatua ya mwanzo kabisa ya kuoza, na habari yake ni njema: ganda bado halijatoboka, na madini yanaweza kurudi kwa msaada wa mate na floraidi, ile inayotiwa kwenye dawa ya meno ili kuimarisha ganda. Watu wenye madoa ya namna hii ndio watakaonufaika zaidi na yaliyomo humu.

Ukiona tundu la kahawia au jeusi ambamo chakula hunasa, au ukihisi mshituko kwa kitu baridi au kitamu, basi hakuna jani, gome wala mzizi utakaoliziba. Nenda ukazibwe mapema, wakati tundu bado ni dogo na gharama bado ni ndogo. Maumivu yanayokuamsha usiku hayatakiwi kungojea. Na ukiona uvimbe wa shavu au wa chini ya taya, hasa ukiambatana na homa, kushindwa kufungua mdomo au kumeza kwa shida, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usaha wa jino ukishukia shingoni unaweza kuziba njia ya hewa. Nimekuwa upande huo, na ninakuomba usijaribu kuutuliza kwa karafuu kama nilivyofanya mimi.

Hatua ya pili: mswaki wa mti

Lugha yetu ilipopata kifaa cha plastiki cha kusafishia meno ilikipa jina la mti uliokuwa ukifanya kazi hiyo tangu zamani. Mti wenyewe ni *Salvadora persica*, huota kwenye ukame na penye udongo wa chumvi, kuanzia kaskazini mwa Kenya na nchi za Umasaini hadi Uarabuni, na Waislamu wanaujua kama sunna ya Mtume. Shirika la Afya Duniani limeukubali kuwa kifaa cha kusafishia kinywa pale ambapo matumizi yake ni desturi.

Una nini ndani? Una silika, inayosugua madoa, una tanini, ile inayokaza mdomo, na una kemikali ya salfa iitwayo benzili isothiosayaneti, ndugu wa ile inayoipa haradali ukali wake, ndiyo unayoihisi ikichoma kidogo puani unapotafuna mzizi mbichi. Watafiti wa chuo cha tiba cha Karolinska Institutet huko Sweden waliuning'iniza mswaki juu ya sahani za bakteria bila kuzigusa, na mvuke wake peke yake ukawaua. Lakini sikiliza na upande wa pili, ambao wauzaji hawautaji: walioathirika zaidi walikuwa bakteria wanaoharibu fizi. *Streptococcus mutans*, yule wa kuoza meno, aliathirika kwa kiasi kidogo zaidi. Maana yake ni kwamba katika kuzuia meno kuoza, mswaki husaidia zaidi kwa nyuzi zake zinazokwangua ukoga, na kwa mate unayotoa unapoutafuna, kuliko kwa sumu yake kwa bakteria. Mwenye kuupitisha juujuu kwenye meno ya mbele kama pambo hapati hata moja kati ya hayo.

Namna ya kuuandaa ni hii. Nunua ulio mbichi, unaopindika bila kukatika, wenye nyama nyeupe au ya manjano hafifu ndani, unene wa kidole kidogo, urefu wa kama sentimita 15. Wenye kuvu au harufu ya uvundo uache. Wauzaji wanaokaa nje ya misikiti siku ya Ijumaa huwa na mzigo mpya. Ule uliofungwa kwenye plastiki miezi mingi hukauka na kupoteza ukali. Uoshe, menya gome kiasi cha sentimita moja upande mmoja, kisha tafuna taratibu mpaka nyuzi zichambuke ziwe kama brashi laini. Ukiwa mkavu uloweke kwenye maji safi dakika chache tu. Ukiulaza majini usiku kucha, sehemu ya dawa hubaki kwenye maji utakayomwaga.

Sasa kusugua. Anzia kwenye ufizi uelekee ncha ya jino: meno ya juu unashuka, meno ya chini unapanda. Kukata mbao kwa msumeno, kwenda na kurudi kwa nguvu, hukwangua ufizi hadi ukarudi nyuma na kuacha mzizi wazi. Nyuzi za mswaki huelekea mbele kama za brashi ya rangi, tofauti na za plastiki zilizosimama wima, hivyo upande wa ndani wa magego ni mgumu kufikia. Geuza kijiti uingilie pembeni, fungua mdomo nusu ili shavu lilegee, na tumia kidole gumba kukiongoza. Dakika mbili ni za chini kabisa. Watu watano niliowahi kuwapima kwa saa ya mkononi walimaliza chini ya dakika moja.

Ukimaliza suuza nyuzi, weka mahali penye hewa, usiutupe mfukoni pamoja na noti. Kila siku kata nyuzi zilizotumika, menya ncha mpya. Na mswaki ni wa mtu mmoja: hata mume na mke wasichangie.

Hatua ya tatu: maji ya karafuu

Kichwa cha karafuu kikavu kina mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni eujenoli. Hiyo huua bakteria na kutia ganzi, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza zege la kuziba jino kwa muda. Kwa matumizi ya kila siku nyumbani mafuta hayahitajiki. Maji yanatosha.

Chagua karafuu sita zenye vichwa kamili. Ukiibonyeza kwa ukucha ikatoa mafuta, ni nzima. Ikiwa kavu kama kijiti, mafuta yake yameshakamuliwa au yamekwisha kwa uzee. Ziponde kidogo kwenye kinu, zipasuke tu, usizifanye unga. Ziweke kwenye kikombe cha mililita 250, mimina maji yaliyochemka, na hapohapo funika kwa kisahani. Kufunika ni sharti, kwani harufu nzuri inayojaa jikoni ndiyo dawa yenyewe inayokimbia. Kwa sababu hiyohiyo usizichemshe jikoni kwa nusu saa ukidhani unaongeza nguvu. Ngoja dakika 15, chuja kwa kitambaa cha pamba, acha yapoe hadi uvuguvugu.

Baada ya kusafisha meno, sukutua funda moja kwa nusu dakika ukilipitisha katikati ya meno, kisha tema. Mara moja au mbili kwa siku. Yaliyobaki yakae kwenye chupa safi ndani ya friji hadi kesho, si zaidi. Usitie asali wala sukari: utakuwa unawalisha wale unaowafukuza.

Mafuta matupu ni habari nyingine. Yakigusa ufizi huuchoma, ukabaki mweupe na kidonda. Mtu mzima anayeumwa jino na anangoja zamu ya daktari anaweza kuchanganya tone moja na nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, akachovya pamba ndogo, akagusisha jino bila kugusa ufizi kwa dakika chache, akaitoa. Hiyo ni ya kuvukia usiku mmoja. Mtoto asipewe kabisa, na kichupa kiwekwe juu asikokifikia: kijiko kimoja au viwili vya chai vikimezwa na mtoto mdogo vinaweza kumharibu ini.

Hatua ya nne: mwarobaini na mpera

Mwarobaini umepata jina lake kwa kusifiwa kuwa hutibu magonjwa arobaini. Kwenye meno sifa yake ina msingi. Huko India jeli ya majani yake ilijaribiwa kwa watu kwa wiki sita, na ukoga pamoja na idadi ya bakteria vikapungua. Kijiti chake hutafunwa kama mswaki: chagua tawi bichi la unene wa penseli, kwa kanuni zilezile za juu. Ukipenda maji, osha kiganja kimoja cha majani mabichi, chemsha kwenye nusu lita ya maji kwa dakika 10 katika sufuria ya stili, funika, poza, chuja. Sukutua mara moja kwa siku na uteme yote. Uchungu wake hukaa mdomoni muda mrefu, na hiyo ndiyo sababu wengi huuacha siku ya tatu. Mimi binafsi nautumia siku mbili tu kwa wiki.

Mwenye mimba au anayetafuta mimba auache. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yasiingie kabisa kinywani mwa mtoto. Yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege.

Majani ya mpera ni mapole zaidi, na kwa fizi zinazotoka damu nayapenda kuliko yote. Majani machanga sita, vikombe viwili vya maji, moto mdogo dakika 10. Yana tanini nyingi, utahisi mdomo ukikaza. Tanini hiyohiyo huyatia meno rangi ya kahawia ukiitumia kutwa mara tatu kwa miezi, kwa hiyo isizidi wiki mbili mfululizo, kisha upumzike. Na fizi zikiendelea kutoka damu baada ya wiki hizo mbili, huenda kuna ukoga uliokwisha kuwa jiwe, unaoondolewa kwa vyombo vya daktari peke yake.

Kuna mmea wa tano ambao umeshautia birikani bila kujua. Majani ya chai, ya kijani na hata ya rangi, yana kemikali zinazomzuia *Streptococcus mutans* kutengeneza gundi yake, na mchai hukusanya floraidi kutoka ardhini. Chai kavu bila sukari baada ya chakula ni rafiki wa meno. Vijiko vitatu vya sukari vinafuta faida yote. Najua ninachokiomba, maana kwetu chai isiyo na sukari ni chai ya mgonjwa. Anza kwa kupunguza nusu kijiko kila wiki.

Vya kuacha: limau, kwa sababu tindikali yake ni kali kuliko ya bakteria wenyewe, mkaa, majivu na mchanga, vinavyokwaruza ganda lisiloota tena, na kitunguu saumu kibichi kilichobanwa ufizini, ambacho huunguza.

Hatua ya tano: panga siku yako

Alfajiri au kabla ya kifungua kinywa, mswaki wa mti kwa dakika mbili. Ukishakula vitu vichachu kama ukwaju au chungwa, suuza kwa maji matupu na usisugue mpaka nusu saa ipite, kwa sababu ganda huwa limelainika. Mchana, baada ya chakula, tafuna mswaki tena au kunywa chai kavu. Vitamu vyako, iwe kashata, tende au ule ubuyu wa rangi unaoganda kwenye magego, uvile pamoja na mlo kisha uvimalize. Visiwe vya kuzungukia jioni nzima.

Usiku, kabla tu ya kulala, piga mswaki wa kawaida kwa dawa ya meno yenye floraidi ya kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu katika milioni), kiwango kilichoandikwa kwenye boksi. Tema bila kusuuza sana. Ukitaka kusukutua maji ya karafuu au mpera, fanya kabla ya dawa hiyo, yasije yakaiosha. Siuoni mgongano wowote hapa. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na hakuna mmea kati ya hii unaorudisha madini kwenye jino kama inavyofanya floraidi. Usiku mate hupungua, na ndipo jino huhitaji ulinzi zaidi.

Walio kwenye miteremko ya milima ya Meru na Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa wana suala lao. Maji ya visima na chemchemi nyingi huko yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na magadi ya kulainishia maharage huongeza. Meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia tangu mwanzo, wengine wakadhani yameoza na kuyasugua kwa mkaa. Hayo si kuoza. Huko mtoto apakwe dawa kidogo sana, asimamiwe ateme, na daktari wa meno aulizwe.

Watoto

Jino la kwanza likichomoza, lisafishe. Chini ya miaka mitatu weka dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Maji ya kusukutua ya aina yoyote yasubiri mpaka ajue kutema kwa hakika, kwa kawaida baada ya miaka sita. Mswaki wa mti anaweza kuanza kuuzoea akiwa na miaka saba hivi, akiwa amekaa chini, asikimbie na kijiti mdomoni.

Na tafadhali: yale mavimbe meupe kwenye fizi za kichanga, yanayoitwa meno ya plastiki, ni meno ya kawaida yanayojiandaa kutoka. Yasikatwe, wala yasisuguliwe dawa za miti hadi fizi zichubuke. Watoto wamepoteza chonge zao za kudumu, na wengine maisha, kwa jambo hilo.

Mtu mzima anayetumia dawa za kulainisha damu amwambie daktari wake kabla ya kuzoea karafuu kila siku. Na yeyote ambaye midomo inavimba au ulimi unachubuka baada ya mmea wowote, aache palepale.

Hatua ya sita: pima kama inafanya kazi

Usiamini harufu nzuri ya pumzi; karafuu hukupa pumzi nzuri hata penye ukoga mzito. Mara moja kwa wiki, baada ya kusafisha kwa njia yako ya kawaida, tia matone matatu ya rangi nyekundu ya chakula kwenye vijiko viwili vya maji, sukutua nusu dakika, tema, suuza mara moja. Fanya usiku ukiwa na nguo usiyoijali, maana midomo nayo itageuka nyekundu kwa muda. Rangi hung'ang'ania ukoga na kuacha jino safi. Shika tochi utazame.

Mara yangu ya kwanza meno ya mbele yalikuwa meupe kabisa, nikafurahi, kisha nikageuza kioo nione ndani ya magego ya chini: mstari mwekundu uliofuata ufizi mwanzo hadi mwisho, upande wa kulia mzito kuliko wa kushoto, kwa sababu mimi hutumia mkono wa kulia. Nilichora kwenye daftari meno yenye rangi, nikaanza kusafisha kwa kutangulia hayo. Wiki ya nne ulikuwa umebaki mstari mmoja tu, nyuma ya gego la mwisho, na hapo ndipo ninapoanzia kila alfajiri mpaka leo.